Bisibisi za Saa: Kutoa Skrubu Zilizokaza Kwenye Cheni ya Chuma

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Tupo hapahapa Mtwara mjini. Huku kwetu hela ya korosho ikishaingia, saa za cheni zinanunuliwa sana, na nyingi zinakuwa kubwa kuliko mkono wa mwenyewe. Sasa mtu anataka kupunguza pingili, anachukua kisu cha jikoni, anakwangua, skrubu inakufa kichwa. Saa ya laki tatu hiyo! Inaniuma sana kuona hivyo, ndiyo maana leo nachambua bisibisi.

Ninazo mbili mezani. Hii ni seti ya kasha la plastiki, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, bei haifiki elfu kumi na tano. Na hii moja peke yake ni Bergeon, kampuni ya Uswisi, ncha ya milimita 1.6. Bei yake iko juu sana.

Kabla hujashika bisibisi yoyote, geuza cheni uangalie mgongo wake. Ukiona vimshale, hiyo ni pini, inasukumwa kufuata mshale. Na hapa wengi wanadanganyika, kwa sababu kuna pini zilizopasuliwa katikati, ukiitazama kwa ubavuni unaona mstari kama wa skrubu kabisa. Wewe amini mshale.

Haya, nasogeza kamera. Angalieni hii ncha ya 1.2 kutoka kwenye seti. Nimeiweka kwenye mfereji wa skrubu, inacheza kulia na kushoto, mnaona? Hapo ukizungusha kwa nguvu, unakula kingo za mfereji. Sasa naweka Bergeon. Imejaa ukingo mpaka ukingo, imekaa chini kabisa, haitikisiki. Skrubu nyingi za cheni ziko kati ya 1.2 na 1.6, kwa hiyo pima kwanza. Upana siyo kila kitu, tazama na unene. Ncha za hii seti zimekaa kama kabari: ukikaza, zinapanda juu zenyewe na kutoka nje. Lakini nawaambia ukweli, seti siyo ya kutupa. Ncha zake zinanoleka. Isugue taratibu kwenye jiwe la kunolea lenye mafuta, pande zote mbili sawasawa, mpaka izame kwenye mfereji. Nimeinoa hii ya njano, inafanya kazi vizuri. Chuma chake ni laini tu, itabidi uirudie kuinoa.

Kwa nini skrubu inakaza hivi? Mara nyingi ni gundi. Kiwandani wanatia gundi ya skrubu ili pingili zisifunguke ukiwa umevaa. Gundi hiyo hailegei kwa mafuta, hata umwagie chupa nzima. Inalegezwa na joto. Toa kichwa cha saa kwenye cheni kwanza, tafadhali sana, maana joto linaharibu betri na raba za kuzuia maji. Kisha pulizia pingili kwa draya ya saluni, ile ya mkononi, kwa dakika kadhaa. Ikigoma, mwombe fundi simu aweke ncha ya chuma chake cha kuchomelea waya juu ya kichwa cha skrubu. Mafuta yanafaa pale penye kutu na chumvi. Sisi watu wa pwani jasho na maji ya bahari vinaganda humo ndani, kwa hiyo anza na maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki.

Cheni ibane kwenye jiliwa dogo lenye raba, usiishike mkononi, bisibisi ikiteleza inakuchoma. Kidole cha shahada juu ya bisibisi, kandamiza. Nguvu nyingi iwe ya kukandamiza, kidogo ndiyo ya kuzungusha. Kushoto... imeachia! Oneni kwenye meno yake, huo unga wa bluu ndiyo gundi yenyewe.

Kama skrubu ina mfereji pande zote mbili, utahitaji bisibisi mbili, moja ishikilie na nyingine izungushe, la sivyo zinazunguka pamoja tu. Hapo seti inaishinda Bergeon moja.

Mwenye saa moja, nunua seti na jiwe. Fundi anayefungua cheni kila siku pale sokoni, Bergeon itarudisha hela yake, na ncha ikichakaa unabadilisha ncha tu.

Pingili toa sawa pande zote mbili ili kifungo kikae katikati ya mkono. Wakati wa kurudisha, futa gundi ya zamani, tia tone dogo la gundi ya skrubu isiyo kali, kaza bila kulazimisha, na saa usiivae mpaka kesho yake, gundi inataka saa 24 kushika.