Betri ya lithiamu ya 12.8V 100Ah: inafaa, ila usiifunge kwenye chaji kontrola ya zamani

Kwenye maduka ya vifaa vya sola, Kariakoo ya Dar es Salaam hata Luthuli Avenue ya Nairobi, boksi lenye maandishi LiFePO4, yaani lithiamu ya fosfeti ya chuma, limekaa pale zilipokuwa zinapangwa betri za jeli, ambazo ni aina ya betri za asidi. Hapa tunaipima aina hiyo ya betri, si chapa moja, kwa sababu ndani ya maboksi mengi mna kitu kilekile: seli nne za volti 3.2 zilizofungwa mfululizo, na juu yake bodi ya ulinzi ambayo mafundi huiita BMS. Tofauti ziko kwenye ubora wa seli, ubora wa bodi, na ukweli wa lebo.

Kemia yake si ya jana. John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin waliielezea mwaka 1997, na mwaka 2019 yeye alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya betri za lithiamu. Kilichobadilika ni bei, baada ya viwanda vya China kuzizalisha kwa wingi kwa ajili ya magari ya umeme. Uzuri wake ni kwamba fosfeti iliyo ndani huishikilia oksijeni yake kwa nguvu hata seli ikipata joto kali, kwa hiyo haishiki moto kirahisi kama lithiamu ya simu. Kirahisi, nimesema. Shoti ya nyaya nene huunguza nyumba bila kujali betri ni ya aina gani.

Sasa hesabu. Volti 12.8 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1,280, yaani uniti 1.28 kama zile unazonunua za LUKU. Betri ya asidi ya 100Ah ina karibu kiasi hichohicho kwenye lebo, lakini ukiitumia kupita nusu unaiua mapema, kwa hiyo mkononi una wati-saa 600 hivi. Chukua nyumba ya kawaida usiku: TV ya wati 40 saa tano, taa tano za wati 7 saa tano, king'amuzi cha wati 12 saa tano, ruta ya wati 10 saa kumi na mbili, feni ya wati 50 saa sita. Jumla ni 855. Ongeza upotevu wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) wa asilimia 10 hivi, pamoja na wati 12 ambazo inveta yenyewe hula saa zote kumi na mbili hata ikiwa haina kazi, utafika karibu 1,100. Lithiamu inafika asubuhi. Asidi inafika nusu yake kabla ya usiku wa manane.

Kwa mizunguko, yaani mara za kuijaza na kuitumia, watengenezaji wengi huahidi 3,000 hadi 6,000; ishike ile ya chini. Uniti 1.1 mara 3,000 ni uniti 3,300 kwa maisha yake yote. Asidi inayotumika nusu nusu kwa mizunguko 500 hutoa 300. Hata ukiuziwa lithiamu kwa bei mara tatu ya jeli, bado hesabu iko upande wake, mradi unaitumia kila siku. Anayetaka betri ya kusubiri umeme ukatike mara mbili kwa mwezi hana haja ya kuikimbilia.

Tatizo kubwa liko kwenye kinachoichaji: chaji kontrola, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri. Chaji kontrola nyingi za bei nafuu ni za PWM, na hizi huivuta paneli ishuke hadi volti za betri. Paneli ya wati 400 yenye volti 31 na ampea 13 ikipita hapo inatoa ampea 13 kwa volti 13.3, yaani wati 173. Zaidi ya nusu ya paneli umeilipia bure. Tumia kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea, ya ampea 30 au 40. Paneli zenyewe zisipungue wati 300, maana kwa saa tano za jua zuri utapata wati-saa 1,100 hivi, kiasi cha kurudisha ulichotumia. Msimu wa masika au Julai ya Nairobi, hata hiyo haitoshi.

Kisha mipangilio. Volti ya kujaza weka 14.2 hadi 14.4, ya kushikilia 13.5. Zima kabisa hatua ya kusawazisha iliyowekwa kwa betri za asidi za maji, kwani hiyo hupandisha volti kupita 15 na bodi itakata. Zima pia marekebisho ya joto, yale yanayobadilisha volti ya chaji kufuatana na joto. Inveta iambie izime kwenye volti 12. Wengi huiacha kwenye 10.5 ya asidi, betri inashuka mpaka BMS inajifunga, na asubuhi kontrola haioni volti yoyote kwenye waya za betri, kwa hiyo haianzi kuchaji. Mteja anarudisha betri dukani akisema imekufa, kumbe imelala. Huamshwa kwa chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuamsha, au kwa kuiunganisha sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) kwa muda mfupi na betri nyingine ya lithiamu ya volti 12.8.

Usitegemee vitaa vitatu vya kontrola kujua chaji iliyobaki. Ikiwa imetulia, betri hii husoma karibu 13.3 ikiwa imejaa vizuri, 13.1 ikiwa nusu, na 12.8 ikiwa imebaki asilimia 20 hivi. Tofauti ni ndogo mno. Nunua mita yenye shanti, inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kuna kasoro moja inayowachanganya hata mafundi: betri inakataa chaji ghafla ikiwa kwenye 13.9. Hapo seli moja imewatangulia wenzake na kugusa 3.65, bodi ikakata. Hutokea kwa betri ambayo haijazwi mpaka juu kwa wiki nyingi, kwa sababu bodi husawazisha seli zikiwa karibu kujaa tu. Shusha volti ya kujaza hadi 13.8, iache siku mbili tatu, kisha ipandishe kidogo kidogo.

BMS ya ampea 100 inabeba wati 1,280, basi. Inveta ya wati 1,000 inavuta karibu ampea 87: waya wa milimita 25 za mraba, mfupi, na fyuzi ya ampea 125 karibu na kichwa cha chanya. Pasi na birika visahau. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Kutoa ni kinyume chake. Usiifunge sambamba na betri ya asidi. Na isikae juu ya dari chini ya mabati, kwani joto la zaidi ya 45 huizeesha haraka.

Kabla ya kulipa, ipime kwa mizani. Seli nne za kweli za ampea-saa 100 zina kilo 8 hivi, kwa hiyo boksi lisipungue 9 au 10. La kilo 6 ni uongo wa wazi. Zito pia laweza kudanganya, wapo wanaojaza mchanga. Tazama lebo: ikiandika 11.1V, hiyo ni kemia nyingine. Mita isome 13.1 hadi 13.3 kutoka rafuni.

Nyumbani, jaza kabisa, kisha unganisha taa mbili za mbele za gari za wati 55. Zinavuta ampea 9 hadi 10 kwa pamoja. Betri ya kweli huziwasha kwa saa 10 hivi. Zikizima saa ya sita, umeuziwa 60 kwa bei ya 100. Irudishe wiki hiyohiyo pamoja na risiti yenye namba ya betri, na kabla hujaondoka dukani siku ya kununua hakikisha namba hiyo imeandikwa.