Miezi minane na HP EliteBook 840 G5 iliyotumika: swali ambalo sikuuliza dukani

Nilinunua mashine hii katikati ya Machi 2025 kwenye duka moja la katikati ya mji, hatua chache kutoka Nyerere Square. Ni HP EliteBook 840 G5, ilishafanya kazi kwenye ofisi za watu huko Uingereza kabla ya kufika Dodoma, na tuliachiana kwa shilingi laki sita na nusu. Nafundisha sekondari, kwa hiyo kazi yake kubwa ni maandalio ya somo, mitihani na majedwali ya maksi. Mwisho wa wiki kijana wangu anayesoma UDOM huja nyumbani Nkuhungu, akaishika yeye mpaka Jumapili jioni. Naipenda, na ningeinunua tena. Ila kuna jambo moja nililipita pale kaunta, yaani kama Windows iliyomo ina leseni halali, na limenigharimu muda na wasiwasi mwingi kuliko mambo yote niliyoyakagua.

Kwanza kuhusu kuchagua. Mezani zilikuwepo 840 G3, G4 na G5. G3 na G4 huwezi kuzitofautisha kwa macho, na G3 ilikuwa na bei ya chini kwa zaidi ya laki moja na nusu. Nilichofanya ni kusoma namba ya prosesa. Ukiona i5-6300U hicho ni kizazi cha sita, i5-7300U cha saba, i5-8350U cha nane: tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane. Kwa kuwa Microsoft walikwishatangaza kwamba msaada wa Windows 10 unakoma tarehe 14 Oktoba 2025, sikuona sababu ya kununua G3 mwezi wa tatu halafu mwezi wa kumi nianze kuhangaika. Muuzaji alinisisitizia kwamba "zote ni i5, mwalimu." Kweli zote ni i5, lakini miaka imepita kati yake.

Niliiwasha huku nikibonyeza F10 ili niingie kwenye mipangilio ya ndani, nihakikishe hakuna nywila ya kampuni iliyoachwa humo. Mashine za ofisi huja na kufuli hizo, na kulifungua si kazi ya fundi wa kawaida. Kisha nikaandika powercfg /batteryreport kwenye kidirisha cha amri. Ripoti inayotoka huonyesha betri ilitengenezwa ibebe kiasi gani na sasa inajaa kiasi gani. Ya kwangu ilitengenezwa kwa takriban mWh 50,000 (kipimo cha umeme unaobebwa na betri) na ilikuwa inajaa 31,000, yaani asilimia 62. Nilimgeuzia muuzaji skrini, akasoma mwenyewe, akapunguza elfu thelathini bila maneno mengi. Chaja ilikuwa na plagi ya pini tatu za bapa kama zetu, hivyo hakuna adapta ya kununua. Kibodi nayo ni ya Uingereza: mpaka nilipobadili mpangilio nilikuwa nabonyeza @ napata alama za kunukuu.

Basi, nikaridhika. Nilipouliza programu nikajibiwa, "Kila kitu kimo, mwalimu. Windows, Office, antivairasi. Wewe ni kuwasha tu." Nikashukuru, nikapanda daladala.

Katikati ya Septemba, nikiwa napanga matokeo ya nusu muhula, ukaja ujumbe kwamba leseni ya Windows inakaribia kuisha muda. Nikaufunga. Kesho yake ukarudi, na kesho kutwa. Nilirudi dukani, nikaambiwa niache elfu ishirini "waiamshe" upya, nisubiri nje. Sikupenda ile haraka. Nikaenda Majengo kwa binti mmoja fundi ambaye mwalimu mwenzangu alinielekeza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Windows inaniambia inaisha. Windows huwa inaisha?"

"Yako imechakachuliwa. Ngoja nikuonyeshe."

Aliandika slmgr /xpr, na kikatokea kijisanduku chenye tarehe ya mwisho. Mashine yenye leseni yake halali huonyesha kwamba imeamilishwa (activated) kwa kudumu, haina tarehe. Ya kwangu ilikuwa Windows Enterprise, toleo ambalo mashirika hununua kwa pamoja na kompyuta zao huripoti kwa seva, yaani kompyuta kuu, ya shirika. Uamilisho wa namna hiyo hudumu siku 180, kisha unatakiwa kuhuishwa. Wachakachuaji huweka kijiprogramu kinachojifanya ndicho seva ya shirika. Kwenye mashine yangu kijiprogramu hicho kilikuwa kimefutwa na ulinzi wa Windows siku kijana wangu alipoisasisha, na tangu hapo siku zikawa zinahesabika. Machi mpaka Septemba, hesabu inakubali.

Kilichonitia hofu ni alichonionyesha baada ya hapo. Kwenye mipangilio ya ulinzi palikuwa na folda nzima ambayo antivairasi imeamriwa isiikague kabisa, ili kile kijiprogramu cha wachakachuaji kiishi humo kwa amani. Kitu chochote kingeweza kujificha mle. Nami kwa miezi sita nilikuwa nimeweka humu majina na maksi za wanafunzi wangu, na kufungulia humu akaunti yangu ya benki. Siku ile ile nilibadili nywila zangu zote kwa kutumia simu.

Nilijiandaa kuambiwa nikanunue leseni. Binti akasema, "Hii mashine ina leseni yake, mama. Imezaliwa nayo." Akanieleza kwamba kompyuta za aina hii zilipotoka kiwandani na Windows 10 Pro, ufunguo wa leseni huandikwa kwenye chipu iliyo katika ubao mama, na unabaki pale hata ukifuta diski mara kumi. Leseni hiyo haihamishiki kwenda kompyuta nyingine, ila mashine ikiuzwa inaondoka nayo. Yaani waliokuwa nayo kabla yangu waliweka kitu cha kuiba juu ya kitu halali ambacho kilikwisha lipiwa. Bado hili linaniuma. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, na mimi nimesimama darasani miaka mingi nikiwakataza watoto kunakili kazi za wenzao.

Kazi yenyewe ilichukua saa tatu. Alihamishia mafaili yangu kwenye diski ya nje. Windows 11 alikuwa ameipakua kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe na kuiweka kwenye flashi. Ukitaka kufanya mwenyewe, flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na upakuaji uufanye kwa bando la usiku kwa sababu ni gigabaiti kadhaa. Akafuta kila kitu, akaanza upya. Haikuuliza ufunguo mahali popote. Ilisoma kwenye chipu, ikajichagulia Pro. Nenda na simu yenye bando, maana Windows 11 inataka intaneti na akaunti ya Microsoft kabla haijakupokea. Ilipounganishwa tu, ukurasa wa uamilisho ukaonyesha leseni ya kidijitali, na slmgr /xpr haikutoa tarehe tena. Nilimlipa elfu thelathini na tano na niliona ni halali yake.

Office hatukuirudisha. Natumia LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali, na kwa maksi inanitosha: jumla, wastani, kupanga nafasi, vyote vinafanya kazi kwenye mafaili yangu ya zamani ya Excel. Inaponisumbua ni kwenye jedwali la shule lenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe), ambalo halifanyi kazi sawasawa, na wakati mwingine barua iliyoandikwa kwa Word inahama mistari. Barua ya kutuma ofisini naigeuza PDF kabla haijatoka kwangu. Kijana wangu anapolazimika kupata Word halisi hufungua ile ya bure ya kwenye kivinjari.

Kwa mashine yenyewe sina malalamiko. Ilikuja na RAM ya GB 8 kwenye kijiti kimoja; nafasi ziko mbili, nikaongeza kijiti kingine cha GB 8 na tofauti niliiona siku hiyo hiyo, hasa darasa la mtandaoni likiwa limefunguliwa pamoja na majedwali. Mwezi wa nane, upepo wa kiangazi ulipokuwa unavuma, feni ilianza kupiga kelele kama inakoroga uji mzito. Vumbi letu la Dodoma ni laini, linapita popote. Ilifunguliwa, ikapulizwa, ikapakwa upya ile dawa ya kupeleka joto juu ya prosesa, ikatulia. Sasa siiweki kitandani hata kwa dakika moja.

Nyumbani intaneti ni ya ruta ya 4G iliyo sebuleni, na chumba cha mwisho masafa ya 5 GHz hayafiki kwa sababu ya kuta za tofali. Kule natumia 2.4 GHz, ya taratibu lakini inapenya. Mashine hii ina tundu la waya wa mtandao, kwa hiyo kukiwa na mtihani wa mtandaoni kijana huchomeka waya moja kwa moja. Kitu muhimu zaidi ni kuiambia Windows kwamba intaneti hiyo ya ruta ni ya bando lenye kikomo (metered), la sivyo masasisho yatamaliza bando kabla ya wiki kuisha.

Betri nitaibadili mwakani. Sasa inanipa saa tatu hivi.

Mdogo wangu wa Kondoa ana 840 G3, na nilipomwelekeza kwa simu aandike slmgr /xpr ikatoka tarehe. Ya kwake ni kizazi cha sita, Windows 11 haipokelewi. Binti wa Majengo ametuwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, kwenye flashi ili tuijaribu bila kugusa kilichomo ndani ya diski. Flashi iko kwenye droo. Mdogo wangu anakuja Jumamosi na printa yake, maana hiyo ndiyo tutakayoijaribu kwanza.