Kompyuta ya ndoto: uipange kwenye gemu au kwa fundi?
Mwezi mzima jioni zangu hapa Makole, Dodoma, zimeishia kwenye PC Building Simulator, gemu iliyotoka rasmi mwaka 2019, nikiunda kompyuta ninayoitamani. Njia nyingine ni ile tuliyoizoea: daftari mkononi, unazunguka maduka ya mjini ukimuuliza fundi.

Kwa kujifunza, gemu naipa ushindi bila kusita. Unakaza skrubu, unapaka grisi ya kupitisha joto juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, unachomeka nyaya moja moja. Ukisahau waya wa umeme, mashine haiwaki. Prosesa isiyolingana na soketi ya ubao mama, bodi kuu inayobeba vifaa vyote, haiingii. Dukani niliwahi kununua ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ya kizazi cha DDR3 kwa ubao wa DDR4, ikagoma, na duka likakataa kurudisha pesa. Iliniuma sana! Laiti ningeanza kujifunza kwa gemu!

Bei zake, hata hivyo, si za Dodoma. Kwenye gemu vumbi limo, ila unalipuliza kwa mtungi wa hewa na kazi imekwisha. Fundi anayeishi na vumbi letu la kiangazi ndiye aliyenishauri nichague kasha lenye vichujio, kisha nitenge hela ya UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, kabla ya taa za rangi.