Uzoefu wangu: Nilisoma Kiojibwe kwenye chuo cha watu, nikaambiwa sipo

Kitu cha kwanza tulichofundishwa kwenye kozi hii ya Kiojibwe, lugha ya wenyeji asilia wa huku Marekani na Kanada, ni kujitambulisha. Unasema boozhoo, unataja jina lako, unataja unakotoka, kisha unataja doodem yako, yaani ukoo. Nilirudia maneno hayo jikoni, bafuni, kituo cha basi, mpaka ninayeishi naye akayakariri bila kutaka. Siku ya kuyasema mbele ya mtu aliyezaliwa nayo ilipofika, kompyuta ikaandika kwamba hakuna mtumiaji wa jina langu.

Anayetaka habari za vitabu na idadi ya vipindi aende kwenye tovuti ya chuo. Ziko kule zote, pamoja na picha ya wanafunzi wanaocheka. Mimi nina neno na ofisi moja tu, lakini nianze na mazuri, maana nikianza na ofisi sitamaliza.

Mpango wenyewe una akili. Huku Marekani, darasa lisipopata wanafunzi wa kutosha hufutwa. Sasa lugha za wenyeji asilia, Kiojibwe, Kidakota, Kikechua, chuo kimoja kitapata wanne, kingine watatu, kingine mmoja ambaye ni mimi. Kwa hiyo vyuo vinachangiana: mwalimu yuko chuo kimoja, wanafunzi wa vyuo vingine wanaingia kwa video, kila mtu analipa ada kwao na alama zinarudi kwao. Hata Kiswahili hapa wanakihesabu kwenye kapu hilo hilo la lugha zisizofundishwa sana, na kuna wanaokisoma kwa njia hii hii. Mshauri wangu wa masomo aliniuliza, kwa uso mkavu kabisa, kwa nini nisichukue Kiswahili nijipatie A ya bure.

Saa nazo zilinisumbua wiki za mwanzo. Mwalimu yuko ukanda wa saa wa katikati, mimi niko wa mashariki, tumepishana saa moja. Ratiba inasema saa kumi ya asubuhi kwa hesabu yao, ambayo kwangu ni saa kumi na moja yao, ambayo kichwani mwangu, kwa saa za Kiswahili, ni saa tano. Nilichelewa mara mbili, na mara moja niliwahi nikakaa peke yangu nikitazama viti vya chuo cha watu. Hilo silalamiki. Likizo zao na zetu pia hazikulingana, nikasoma wiki ambayo wenzangu wote walikuwa wamelala. Hilo nalo silalamiki.

Ila darasa! Jamani, darasa lile. Sijawahi kukaa kwenye somo la lugha nikajiona nimetangulia bila kufanya kazi yoyote. Kiojibwe, au Anishinaabemowin kama wenyewe wanavyokiita, ni lugha ya watu wa maeneo ya Maziwa Makuu ya huku, Michigan, Wisconsin, Minnesota, mpaka Ontario na Manitoba upande wa Kanada. Wenzangu Wamarekani walikuwa wanashika vichwa kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba sentensi nzima. Mimi nikatulia. Mtu aliyekua akisema "sijakuonyesha" bila kujua kwamba hapo kuna sentensi nzima ya Kiingereza, utamtisha na nini?

Kuna habari ya vitu vyenye uhai na visivyo na uhai. Kumwona mtu au mnyama ni niwaabamaa, kukiona kitu ni niwaabandaan. Hapo nikajibu haraka, ninamwona na ninakiona, nikidhani nimemaliza. Mwalimu akauliza, na jiwe? Nikasema niwaabandaan. Akatingisha kichwa: asin, jiwe, liko upande wa wenye uhai. Niwaabamaa asin. Namwona jiwe! Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha video. Halafu tunda moja dogo jekundu, miskomin, lina uhai, na jingine la jamii ya karibu, ode'imin, halina. Darasa likaanza kudai sababu. Mimi nilinyamaza, maana mtu akiniuliza kwa nini kisu ni ki- na uma ni u- nitamjibu nini?

Kuna jambo lililonipendeza kuliko hayo yote. Ukisema "ninakuona" ni giwaabamin. Ukisema "unaniona" ni giwaabam. Zote zinaanza na gi-, na hiyo gi- ni wewe. Hata kama anayeona ni mimi, wewe unatangulia. Kiswahili chetu kinamweka mbele mtendaji, ni- au u-, kila mtu kwa zamu yake. Kwao msemeshwaji ndiye anayefungua neno. Nilikaa na hilo siku nzima.

Na "sisi" ziko mbili. Giinawind ni sisi pamoja na wewe ninayekuambia. Niinawind ni sisi bila wewe. Kiswahili kina "sisi" moja, ukitaka kumtoa mtu inabidi uzunguke. Wakati huo nililiona ni jambo la kuandika daftarini tu. Shikeni hilo, nitalirudia.

Chumba cha video, kwa kusema kweli, kilikuwa cha wastani. Sauti ilikuwa inakatika kwenye kikwazo cha koo, yaani sauti ya kukata pumzi kooni ghafla, wanachokiandika kwa alama kama ile iliyo kwenye neno ng'ombe, yaani pale pale unapohitaji kusikia vizuri. Kamusi ya mtandaoni, The Ojibwe People's Dictionary, ndiyo iliyoniokoa, ina sauti za wazee wenyewe wakitamka. Mwalimu naye ni mmoja wa watu kumi bora niliowahi kukutana nao. Nitamwacha hapo, hahusiki na yanayofuata.

Ikafika wiki ya mtihani wa mdomo, sikumbuki ilikuwa ya ngapi, theluji ilikuwa bado haijaisha. Mwalimu alikuwa amemwalika mzee, bibi mmoja ambaye Kiojibwe ndiyo lugha yake ya kwanza. Watu wa namna hiyo si wengi, na sababu inajulikana. Tangu shule ya bweni ya Carlisle ifunguliwe Pennsylvania mwaka 1879, vizazi vya watoto walipelekwa kwenye shule za namna hiyo na kuadhibiwa kwa kusema lugha za nyumbani. Sheria ya Marekani ya kuzilinda lugha hizo imekuja mwaka 1990. Hesabu mwenyewe katikati hapo wamepita watoto wangapi. Kwa hiyo mzee aliyebaki na lugha yake akikubali kutoka nyumbani, apande gari kwenye barafu, aje akae mbele ya kamera kuwasikiliza wanafunzi wanaokosea, huyo si mtu wa kusubirishwa.

Naingiza nenosiri, inakataa. Naingiza tena. Hakuna mtumiaji wa jina hilo, wasiliana na ofisi ya msajili. Dakika ishirini zimebaki.

Napiga simu chuo mwenyeji, yaani kule aliko mwalimu. Karani anatafuta, ananiambia mfumo wao umenitoza ada ya wanafunzi, sijalipa, nimefungiwa. Namweleza kwamba mimi ni wa mpango wa kuchangiana kozi, nalipa kwetu, hiyo ada hainihusu. Akasema, "Wewe si mwanafunzi wetu." Nikasema sawa, kama si mwanafunzi wenu mbona mnanidai? Kimya. Kisha: "Sisi hatushughuliki na wanafunzi wa vyuo vingine. Piga kwenu."

Nikapiga kwetu. "Hiyo kozi si yetu. Piga kwao."

Nikapiga kwao tena, nikampata yule yule. Nikaomba anifungulie kwa saa moja tu, mzee amekaa anasubiri, deni tutalizungumza baadaye. Akaniuliza ni kozi gani. Nikamwambia. Akauliza, "Hiyo ni lugha ya kwenu?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi unahangaikia nini?"

Nimelifikiria jibu kwa wiki nyingi sasa. Nimetunga majibu mazuri, marefu, mengine kwa lugha tatu. Siku ile nilisema "asante" nikakata simu. Asante! Malezi nayo yana hasara zake.

Pengine alikuwa amechoka. Pengine alikuwa ameshapokea simu arobaini za watu wanaopiga kelele, na mimi nilikuwa nimeanza kupiga kelele kidogo. La, namtetea wa nini? Swali lake ndilo lililonikaa. Kila mtu kwenye ile ofisi alisema "sisi" siku ile, na kila "sisi" ilikuwa niinawind. Sisi tunatoa kozi, sisi tuna mfumo, sisi hatushughuliki. Ile nyingine, inayomhesabu na anayesemeshwa, iko kwenye tangazo la mpango peke yake.

Na wala halikuwa suala la kukosa kipindi kimoja. Mimi niko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Natakiwa niwe na krediti 12 kila muhula, na kati ya hizo, masomo ya mbali yanayohesabiwa ni kozi moja tu, krediti zisizozidi 3. Nilikuwa na 9 za kwetu na hizo 3 za Kiojibwe. Nikifutwa kwenye orodha ya kule kwa sababu ya deni ambalo si langu, nabaki na 9, na hapo wa kunipigia simu si karani tena. Nilimweleza na hilo. Akasema niandike barua pepe.

Dakika saba kabla, simu yangu ikalia. Mwalimu. Ameona kiti changu kiko tupu kwenye skrini. Sikumaliza maelezo, akasema subiri, akaweka simu kwenye spika mezani mbele ya yule bibi. Basi mtihani wangu nimeufanyia kwenye korido ya chuo chetu, nimesimama kati ya mashine ya soda na choo cha wanaume, sikio moja nimeliziba kwa kidole. Boozhoo. Jina langu nindizhinikaaz. Ninakotoka indoonjibaa. Kwenye doodem nikanyamaza, kwa sababu sina, na tulifundishwa kwamba mtu habuni ya kwake. Nikamweleza hivyo kwa Kiingereza kibovu cha mtu mwenye hasira. Kimya kidogo, nikasikia kikombe kinawekwa mezani. Akaniuliza kwa taratibu, kwa maneno niliyoyaelewa yote, mama yangu anaitwa nani. Nikamtaja. Akalirudia jina la mama, vizuri, kila irabu mahali pake, tofauti kabisa na wanavyolitamka maofisini. Kisha akasema giga-waabamin, nitakuona, na mtu mwingine akaendelea.

Nikaketi sakafuni pale pale kwenye korido.

Kwa hiyo nitoe nyota ngapi? Kama ni mwalimu na lugha, nyota tano na nyingine niazime. Kama ni ofisi, sifuri, na hiyo sifuri nayo wairudishe. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msithubutu, someni kitu kinachofundishwa kwenye jengo lenu. Nikisoma nilichoandika hapo juu naona sina haki ya kusema hivyo. Bila mpango huu nisingemjua jiwe, nisingeijua hiyo gi- ya heshima, na mama yangu asingetajwa mbele ya bibi yule. Someni. Ila siku mnayojiandikisha piga picha ya kila ukurasa, hifadhi kila barua pepe, muulize mratibu wa mpango, kwa maandishi, ada za chuo mwenyeji zitaondolewa lini, na mwalimu awe na namba yako ya simu. Hiyo namba ya simu ndiyo iliyofanya kazi. Mengine yote ni karatasi.

Akaunti ilifunguliwa siku mbili baadaye bila neno la kuomba radhi. Alama zangu zilichelewa kufika kwetu, muhula wa pili ukaanza rekodi yangu ikiwa bado imeandikwa "haijakamilika". Mwishowe zilifika. Nzuri tu, sitaki kujisifu.

Ngazi ya pili nayo imetangazwa, mwalimu ni yule yule. Nilikuwa nimeamua kufunga na nyota nne, hasira imepungua, na kweli ni haki yao. Nikaingia kwenye akaunti ya kule kuhakikisha namba ya kozi kabla sijabonyeza kutuma. Ile ada bado ipo. Na imezaa, wameongeza faini ya kuchelewa.

Nyota mbili.