Kupima g (mchapuko wa mvutano wa dunia) Mwanza: pendulamu au springi?
Kwa mwanafunzi wa kidato cha tano, pendulamu ndiyo ya kuanzia. Funga gololi ya chuma kwenye uzi usiovutika, ivute pembeni isizidi digrii 10, pima muda wa mabembeo 20, kisha ugawe kwa 20 upate T, yaani muda wa bembeo moja. Rudia kwa urefu wa sentimita 40 hadi 100, uchore T² dhidi ya urefu. Mteremko wake ni 4π²/g, karibu 4.04 urefu ukiwa katika mita. Wengi hupima uzi hadi juu ya gololi badala ya katikati yake. Mstari haupiti sifuri, ingawa mteremko hauharibiki. Alasiri funga madirisha, maana upepo wa ziwani huifanya gololi izunguke duara.

Springi hufundisha kanuni ya Hooke (mvutiko huongezeka sawia na mzigo) papo hapo, lakini ni nyeti. Mzigo unaoivuta sentimita 10, ukicheza juu na chini, hutoa T ya sekunde 0.64 tu, hivyo kidole kikichelewa kidogo kwenye saa, jibu linayumba. Ukiizidishia mzigo, hairudi urefu wake wa awali.

Kwa zote mbili tarajia g ya 9.78 m/s², si 9.81: Mwanza iko jirani na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.