Kutembea Mvita kwa miguu: Fort Jesus, Mji wa Kale na Mama Ngina

Wageni wengi wanaofika Mombasa kwa siku moja huipa Fort Jesus dakika arubaini, hupiga picha kwenye mizinga, kisha hupanda tuktuk na kwenda zao. Wameona lango la mji, mji wenyewe hawakuuona. Kutoka ngomeni, kupitia Ndia Kuu hadi bandari ya kale, halafu jioni bustani ya Mama Ngina iliyo kando ya bahari, ni katika matembezi bora ya mjini pwani nzima ya Kenya. Lakini utamu wake wategemea saa unayoanza. Ukikosea saa, utarudi hotelini na kichwa kinauma na kumbukumbu ya joto tu.

Fika mlangoni saa mbili asubuhi, ngome inapofunguliwa. Ndani ya kuta ni uwanja mweupe wenye vivuli vichache, na kuanzia saa nne mawe hurudisha joto kutoka chini. Kiingilio hulipwa kwa simu au kadi kupitia eCitizen. Kinachowakwamisha watu pale ni simu isiyo na bando, au M-Pesa isiyo na salio, basi hilo limalizwe kabla ya kutoka nyumbani. Viwango vya Mkenya, mkaazi na mgeni si sawa, kwa hivyo kitambulisho kiwe mfukoni.

Ukishaingia, usikimbilie chumba cha maonyesho. Panda kwanza juu ya kuta, uzunguke buruji zote nne, zile pembe za ngome zinazojitokeza nje: São Felipe, São Alberto, São Mathias na São Matheus. Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukisimama juu huhitaji mtu kukueleza kwa nini walipachagua hapa. Hakuna chombo kinachoingia bandari ya kale bila kupita chini ya midomo ya mizinga. Ndiyo maana baina ya 1631 na 1875 ngome ilitekwa mara tisa, kila aliyetaka Mvita akianzia hapa. Nyumba ya Waomani iliyo juu ya buruji ya São Felipe ndiyo pa kupumzikia, kwa kuwa upepo wa bahari hupenya humo.

Mambo mawili hupitwa na wengi, nayo ndiyo yenye uzito. La kwanza ni michoro ya ukutani ya walinzi wa Kireno: meli, samaki, watu, imechorwa kwa mkaa na ngeu, ule udongo mwekundu. Sogea karibu, uangalie jinsi mkono ulivyorudia mstari uleule wa tanga. La pili ni kisima pamoja na birika la maji ya mvua. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, yasiyofaa kunywa. Sasa fikiria mazingiwa, Waomani walipowazingira Wareno humu, yaliyoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, karibu miezi 33, watu wamefungiwa humu na njaa na maradhi. Ukiwa umesimama kando ya birika lile, tarehe hizo huacha kuwa namba za kitabuni. Teremka pia kwenye njia iliyochongwa ndani ya mwamba kuelekea baharini, iliyokuwa ya kupitishia shehena. Baada ya hayo yote, ingia chumba cha maonyesho: sasa vifaa vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, vitakueleza jambo. Ukivitazama mwanzo kabisa, ni vyungu tu ndani ya kioo. Kwa jumla tenga saa moja na nusu hadi mbili.

Kuhusu waongozaji: wako wazuri sana, wanaojua kila jiwe na jina lake, na wako wanaokufuata tu. Mwenye ujuzi hukubali kutaja bei, muda na njia kabla hamjaondoka, na huonyesha kitambulisho bila kuombwa mara mbili. Anayesema «tutaelewana baadaye» muepuke, maana hapo baadaye ndipo ugomvi unapozaliwa. Na mwongozaji wa ngomeni si lazima awe wa Mji wa Kale. Uliza kama bei ni ya pande zote mbili.

Ukitoka, shika Ndia Kuu. (Kwa wa bara: «ndia» ni «njia» kwa Kimvita, jina halikukosewa.) Kutoka hapa hadi bandari ya kale ni zaidi kidogo ya nusu kilomita, lakini usiende mbio. Chagua mlango mmoja wa nakshi, usimame mbele yake dakika tano. Tazama mfaa, ule ubao wa katikati unaoziba ufa panapokutana mbao mbili. Mara nyingi fundi ameweka hapo ustadi wake wote. Kisha inua macho kwenye kizingiti, halafu kwenye roshani za mbao zilizoning'inia juu ya kichochoro.

Tazama na kuta pia. Mahali pengi lipu imefura na kubanduka, na sababu yake ni moja: ukuta wa matumbawe umepigwa saruji. Matumbawe na chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Saruji huziba, unyevu ukibaki nyuma yake, chumvi ya bahari huganda humo na kuisukuma lipu nje, vipande vipande. Nyumba iliyokarabatiwa kwa chokaa huijua kwa mbali: uso wake una mawimbi kidogo, hauna nyufa ndefu, na kwa ndani ni baridi. Inauma kuona nyumba iliyosimama miaka mingi ikiharibiwa na ukarabati wenyewe.

Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, utautambua kwa mnara wake mweupe, mpana chini na mwembamba juu. Asiyekwenda kuswali autazame kutoka nje. Magoti na mabega yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Huu ni mtaa wa watu, akina mama wako barazani na watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa. Toa salamu kwanza, picha iombwe baadaye, na ukikataliwa usinung'unike. Ndani ya bandari ya kale usipige picha bila ruhusa. Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana, vichochoro karibu na misikiti hujaa, basi epuka saa hizo. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana na mtaa huamka baada ya futari, na huo ndio wakati mzuri zaidi wa kutembea.

Mbele kidogo ziko Ngazi za Leven, zilizopewa jina la meli ya Nahodha William Owen, aliyetangaza mwaka 1824 kwamba mji uko chini ya ulinzi wa Kiingereza, ulinzi uliovunjwa 1826. Maji yakipwa, ngazi za chini huvaa mwani na kuteleza, kandambili hazifai. Msimu wa masika hali ni mbaya zaidi, na hata mawe ya vichochoroni hukuangusha.

Saa sita mchana simamisha matembezi. Kula, pumzika kivulini, rudi barabarani saa kumi. Kutoka ngomeni hadi Mama Ngina ni kama kilomita mbili. Mwenye watoto au wazee achukue tuktuk na apatane bei kabla ya kupanda.

Mama Ngina ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, na kazi ilifanyika vizuri: njia pana za miguu, mabenchi, na mibuyu mikongwe ikaachwa pale pale ilipokuwa. Kaa upande wa mlango wa Kilindini. Meli za makontena hupita karibu hivi kwamba unasoma jina ubavuni. Agiza mihogo ya karai inayotoka kwenye mafuta mbele ya macho yako, ipasuliwe katikati, ipakwe pilipili na kukamuliwa ndimu. Iliyopoa kwenye beseni iache, huwa ngumu na hunywa mafuta. Dafu nalo likatwe ukiona. Kahawa chungu ya dele, lile buli la shaba, kwa kikombe kidogo, ije mwisho.

Jumapili jioni pamefurika, benchi hupati na tuktuk za kurudi hupandisha bei. Nenda Jumanne au Jumatano, uwe umekaa kufikia saa kumi na moja.