Walarasi wa Kariakoo: uzoefu wangu na boksi la wanyama wa baridi

Nililinunua mwanzoni mwa likizo ya Juni, Kariakoo, kwenye duka la vitu vya watoto ghorofa ya pili, lenye ngazi nyembamba ambazo ukikutana na mtu kabeba belo, mmoja wenu lazima arudi nyuma. Muuzaji alianzia 45,000. Nikamwambia, "Kaka yangu, mimi mwalimu wa chekechea, sina mgodi." Akacheka, tukamalizana kwa 32,000. Ndani kuna wanyama 12 wa plastiki ngumu, kadi 12 za maelezo na bango moja la kubandika ukutani. Wote ni wa bahari za baridi: walarasi (mnyama mnene wa baharini mwenye meno mawili marefu yanayoning'inia), sili (ndugu yake asiye na meno hayo), dubu mweupe, narwali (nyangumi mwenye mkuki mbele ya kichwa), ngwini (ndege asiyeruka), nyangumi wengine na wenzao.

Kila likizo nakaa na watoto saba sebuleni kwangu Tabata: wawili wangu, watatu wa dada yangu, wawili wa jirani. Simba na tembo wameshawachoka, wanawaona mpaka kwenye noti. Nilitaka mnyama ambaye hata mimi ingebidi nimsome kwanza.

Plastiki yenyewe ni nzuri. Haina harufu, haina ncha kali, unaosha kwa sabuni na maji. Rangi ya mdomo wa ngwini ilibanduka wiki ya kwanza. Kifaranga cha ngwini ni kidogo mno, kinaingia mdomoni mwa mtoto wa miaka miwili bila shida, kwa hiyo mwenye mtoto anayetambaa akitoe kabisa kwenye boksi. Na walarasi alivunjika siku ya pili, jino la kushoto. Kosa sijui nimtupie nani: kadi inasema walarasi hukita meno yake kwenye barafu ili ajivute kutoka majini, na Idrisa wangu, miaka sita, akaona ampandishe kochi kwa njia hiyohiyo. Nikaligundisha kwa gundi ya viatu. Limekaa, ila limepinda.

Kadi zimeandikwa Kiingereza na Kichina, herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa. Niliziandikia Kiswahili kwa nyuma, na kwenye walarasi nikakwama. Yale mawili marefu yanayoning'inia niyaite nini? Sisi tunasema pembe za ndovu, na mazoea hayo yakanishika, nikaandika pembe. Nuru, aliye darasa la tatu, akaniuliza, "Mama, pembe si zinaota kichwani?" Nikafuta, nikaandika chonge. Ndilo neno lake hasa. Ni chonge za juu zilizokua mpaka zikatoka mdomoni, na kwa dume mkubwa hufika karibu mita moja. Majike nao wanazo. Za ndovu ni meno ya mbele, siyo chonge, na ule mkuki wa narwali pia ni jino, tena limejisokota kama kamba. Asubuhi nzima watoto walishinda mbele ya kioo, midomo wazi, kila mmoja akitafuta chonge zake. Kwa asubuhi hiyo tu nilihesabu 10,000 yangu imerudi.

Sasa malalamiko. Bango ni zuri kwa macho lakini linadanganya. Limemweka dubu mweupe na ngwini kwenye kipande kimoja cha barafu, wametazamana kama majirani wa uani. Dubu mweupe yuko kaskazini, ngwini ni wa kusini, na huko porini hawakutani maisha yao yote. Walarasi naye ni wa kaskazini tu: Alaska, Kanada, Greenland, Svalbard, pwani za Urusi. Nikachukua mkasi nikalikata bango vipande viwili. Cha kaskazini nikakibandika juu karibu na dari, cha kusini chini karibu na sakafu, katikati nikapiga mstari wa ikweta kwa chaki, na Dar es Salaam nikaiweka chini kidogo ya mstari. Mwenye nyumba hajauona huo ukuta bado.

Vipimo navyo ni vurugu. Ngwini wa kwenye boksi ni mrefu kuliko walarasi! Hapa bahati ilinisaidia, jirani anajenga na saruji imepangwa nje kwenye turubai. Dume mkubwa wa walarasi anaweza kuvuka kilo 1,500, ambayo ni mifuko 30 ya saruji. Tukaenda kuihesabu. Yule ngwini mkubwa kuliko ngwini wote, anayesimama kiasi cha mita 1.2, hafikii hata mfuko mmoja wa kilo 50. Mafundi wakawa wanatuangalia wasijue wacheke au watufukuze.

Kadi ya chakula ndiyo niliyoipenda kuliko zote, japo ina mistari mitatu tu. Walarasi hatafuti chakula kwa kutazama. Anashuka chini ya bahari kwenye giza na kupapasa tope kwa masharubu, naye ana zaidi ya 400, magumu na yenye hisia kali. Akimpata kombe hamtafuni na gamba lake. Anambana kwa midomo, anavuta ulimi nyuma kwa nguvu, nyama inatoka, gamba linabaki. Kwa mlo mmoja anaweza kumaliza makombe maelfu. Nilijaza beseni mchanga, nikafukia magamba tuliyookota Kigamboni, nikawafunga watoto macho kwa kanga wakapapase. Ile ya kufyonza hawakuielewa mpaka nilipowaambia ni kama unavyonyonya embe mpaka kokwa ikabaki nyeupe. Hapo wote, "Aaah!"

Mama mkwe alikuwa kwangu wiki hiyo, ametoka Kilwa. Akamshika walarasi, akamgeuza, akasema, "Huyu nguva. Mmemtia meno tu."

"Siye mama, huyu anakaa kwenye barafu."

"Mwanangu, nguva mimi nimemwona kwa macho yangu, amenasa kwenye jarife. Mwili ndio huu huu."

Ukiangalia, kweli wanafanana: mwili mnene, ngozi yenye mikunjo, masharubu mdomoni. Lakini nguva anakula majani ya baharini, na kwa ukoo yuko karibu na ndovu. Walarasi mwenye chonge zinazofanana na pembe za ndovu hana undugu wa karibu na ndovu hata kidogo, ndugu zake ni sili, na kwa mbali dubu na mbwa. Mama mkwe alinyamaza, akasema, "Basi wamegawana vibaya." Halafu akawasimulia watoto habari za nguva mpaka adhana ya magharibi, na boksi langu la 32,000 likabaki pembeni. Watengenezaji wangemweka nguva humo, hata kama si wa baridi, kwa ajili yetu sisi wa huku.

Jaribio la mafuta halimo kwenye boksi, nimeliongeza mwenyewe, na bila hilo watoto wasingeelewa baridi ni nini. Mtoto wa Dar baridi yake ni ya Julai, ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Nilinunua barafu Feri, kwa wale wanaowauzia wachuuzi wa samaki, nikaitia kwenye ndoo ya maji. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo nikatumia glavu za kuoshea vyombo: moja naijaza mafuta ya kupikia ya mgando, nyingine naivalisha mkono wa mtoto kisha naupachika ndani ya ile yenye mafuta. Mkono mtupu Nuru aliutoa alipohesabu 20. Wenye mafuta alifika 100, akachoka kuhesabu. Walarasi ana tabaka la mafuta chini ya ngozi linaloweza kufika sentimita 10, na akiwa kwenye maji ya baridi sana damu hukimbia kutoka kwenye ngozi, anapauka. Akitoka kuota jua damu inarudi, anakuwa mwekundu wa waridi. Mtoto wa jirani akauliza kwa nini wasihamie Coco Beach. Nikamwambia avae masweta matano aende yeye kwanza.

Wakati tunaongea hayo barafu inaisha ndoo nzima. Idrisa akachungulia: "Kwani kule nako umeme unakatika?"

Kadi haisemi lolote juu ya hilo, na nadhani ingepaswa. Ilibidi nieleze mwenyewe kwamba dunia inapata joto, barafu ya bahari inarudi nyuma wakati wa kiangazi, na walarasi waliokuwa wakipumzika juu yake wanakosa pa kukaa, wanajazana ufukweni. Mwaka 2014 walikadiriwa kufika 35,000 kwenye ufukwe mmoja karibu na Point Lay, Alaska. Wakishtuliwa, hukimbilia majini wote kwa pamoja, na watoto wao hukanyagwa. Nuru hakuuliza swali hapo. Alikwenda kuwapanga wale wa kaskazini mbalimbali, kila mmoja na nafasi yake.

Mnyama anayefaa zaidi kwa watoto wa pwani humu ni nyangumi mwenye nundu, na kadi yake imepita juujuu. Huyu hutoka bahari za Antaktika akaja kuzalia maji ya joto ya huku kwetu, kati ya Julai na Oktoba hivi anaonekana pwani ya Tanzania. Tulimfunga uzi: anapanda kutoka sakafuni hadi Dar, Oktoba ikiisha anaanza kushuka.

Ningelinunua tena? Kwa 32,000, ndiyo. Kwa 45,000, hapana, si kwa bango lile. Linafaa watoto wa miaka mitano hadi kumi, na linahitaji mtu mzima wa kukaa nao. Ukiwaachia peke yao, baada ya siku mbili litakuwa boksi la vidude kama mengine.

Kuhusu uimara naongeza kitu kimoja. Juzi natoa samaki kwenye friza nikamkuta walarasi katikati ya vifurushi, jino lake lililopinda likiwa na theluji. Idrisa amekuwa akimlaza humo kila usiku, sijui tangu lini. Plastiki haijapasuka.